Hela, Mizani na Sauti ya Mtoza Kodi

Mwaka 1904 Wajerumani waliokuwa wakitawala nchi hii walibadili hesabu ya fedha zao. Rupia moja, ambayo hadi hapo ilikuwa na pesa 64, sasa iligawanywa mara 100, na kila sehemu ikaitwa heller. Watu waliipokea sarafu hiyo, wakaitamka kwa namna ilivyowakaa mdomoni, ikawa hela. Julai 1916 Waingereza waliiteka Mwanza, na miaka michache baadaye rupia ikapisha shilingi. Hela ikabaki. Ndilo neno ambalo leo linamfikia mfanyabiashara wa Ilemela kwenye simu, kutoka namba asiyoifahamu: ile hela itume kwenye namba hii.

Ujumbe wa kitapeli wa aina hiyo karibu kila mwenye simu nchini amewahi kuupata, na wengi siku hizi wanaufuta kabla ya kumaliza kuusoma. Ninayetaka kumwandika hapa ni ndugu yake mkubwa, yule anayekuja kwa sauti: mtu anayepiga na kujitambulisha kuwa afisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Huyo hafutiki kirahisi. Watu makini, wanaojua fedha yao hadi shilingi ya mwisho, wamemsikiliza na kumtumia. Zamani nilidhani wanatapeliwa kwa sababu hawajaizoea simu. Sasa naamini chanzo ni cha zamani kuliko simu, na kukieleza kunahitaji subira.

Nianze na kilichompata shangazi mmoja. Ni shangazi wa rafiki yangu, lakini amenilea kwa uji na maneno kiasi kwamba nami namwita hivyo. Anauza dagaa na kayabo pale Mwaloni Kirumba, Mwanza. Kwa asiyejua, kayabo ni sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa, na wateja wake wakubwa wanatoka Kongo. Soko lenyewe liko ukingoni mwa ziwa. Ukisimama penye meza ya shangazi unasikia mitumbwi ikigongana na wapagazi wakiomba njia.

Ilikuwa siku za mwisho za Septemba. Simu iliita akiwa anamhesabia mteja magunia.

“Shikamoo mama. Naongea na mmiliki wa biashara ya mazao ya samaki hapo Kirumba?”

“Marahaba. Ndiye mimi.”

Yule mtu akataja majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye leseni. Kisha akamsomea namba yake ya mlipakodi, tarakimu moja moja, bila kukosea hata moja. Akasema jalada lake liko mezani, linaonyesha makadirio ya miaka mitatu hayajalipwa, na pamoja na riba na faini deni limefika milioni nne na laki mbili. Gari la ukaguzi limeshatoka ofisini kuja kufunga biashara. Alipomaliza kumtisha akalainisha sauti. “Mimi nimeona nikupigie kwanza, maana wewe ni kama mama yangu mzazi. Tuma laki tatu sasa hivi niwazuie wale vijana wasifike hapo, halafu jalada tutaliweka sawa polepole. Usikate simu, mama. Na usiwashirikishe watu, hili ni jambo la ofisi.”

Shangazi alikuwa amelipa. Risiti zake za benki zilikuwa nyumbani Kitangiri, ndani ya kopo la maziwa ya unga, zimepangwa kwa miaka. Hata hivyo alibonyeza namba aliyotajiwa. Kwenye kioo likaja jina la mtu binafsi. “Hilo ni la mhasibu wetu,” sauti ikasema. Akatuma. Dakika mbili hazikupita, mtu yuleyule akataka laki mbili nyingine za “kulifuta deni kwenye mfumo.” Hapo shangazi akamwambia hana kitu mkononi, anakwenda Kitangiri mara moja kuchukua risiti zake azilete ofisini waziangalie pamoja. Aliposikia neno risiti, yule mtu akakata simu, na namba ile haikupatikana tena.

Nilimuuliza, shangazi, kama ulijua umelipa, ulituma kwa nini? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho kila mtu anakijua. “Mwanangu, mtu wa kodi akisema unadaiwa, unadaiwa.”

Jibu hilo nimekaa nalo muda mrefu. Shangazi hakulitunga siku ile. Alilirithi.

Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa na serikali ya Kijerumani Novemba 1897, wakati Gavana akiwa Eduard von Liebert, na ikaanza kutumika Aprili 1898. Nyumba ya kijijini ilidaiwa rupia 3 kwa mwaka. Watawala hawakuficha kwamba hawakuzitaka rupia peke yake. Walitaka mtu aliyekuwa akijilisha kwa jembe lake alazimike kutoka nyumbani kutafuta sarafu: abebe mizigo, auze ngozi na karanga, alime zao la kuuza, au akawe kibarua kwa mgeni. Huku ziwani boma la Mwanza lilikuwa limesimama tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kodi ilienea kutoka hapo kadiri askari walivyoweza kufika.

Kilichobadilika Usukumani ni sura ya mtemi. Kabla ya hapo mtemi alipokea tunu, nafaka na siku za kazi, na mwaka wa njaa watu walimtazamia yeye afungue ghala. Wajerumani walimwacha kwenye kiti chake wakampa kazi nyingine: yeye na wanangwa walio chini yake wahesabu nyumba, wakusanye rupia, wazipeleke bomani, na kwa kazi hiyo wapate fungu. Mtu alimjua mwanangwa wake kwa sura na kwa ukoo, kwa hiyo alijua anampa nani. Lakini nyuma ya mwanangwa alisimama askari mwenye bunduki, mgeni wa lugha na wa kabila. Askari huyo akisema nyumba ni nne, nani angesema ni tatu? Angemwambia kwa lugha gani, na angemshtaki kwa nani?

Waingereza walipoingia waliendeleza mtindo huo kwa karatasi nyingi zaidi. Sheria ya Kodi ya Nyumba na Kichwa ya 1922 ilimdai kila mwanamume mtu mzima, na mwenye wake wengi alilipia pia nyumba za wake hao. Aliyeshindwa kulipa aliweza kufanyishwa kazi za umma hadi deni liishe. Vijana wa Kisukuma walisafiri hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kutafuta fedha ya kodi, na huko wakaitwa manamba, kwa kuwa kila kibarua wa mkataba aliandikwa kwa namba. Nadhani hapo ndipo watu wetu walipoonja kwa mara ya kwanza kutambuliwa na mkubwa kwa tarakimu badala ya jina la baba. Shangazi aliposomewa namba yake ya mlipakodi na mtu asiyemjua, moyo wake ulishituka kwa kitu cha siku nyingi sana.

Lakini historia hii haikujaa woga peke yake, na sehemu ninayoipenda kuliko zote imetokea hapahapa, kwenye pamba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili pamba ilishamiri Usukumani. Mkulima alibeba mzigo wake kichwani au kwenye baiskeli hadi kwenye kituo cha kununulia, na pale alikuta mizani ya mnunuzi. Wanunuzi na wenye vinu vya kuchambulia pamba walikuwa zaidi wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Mkulima aliweka pamba, mnunuzi akasoma uzito kwa ratili, karani akaandika, fedha ikahesabiwa. Wengi hawakujua kusoma ule mshale. Waliondoka na mashaka kwamba pamba iliyokuwa nzito kichwani imekuwa nyepesi kwenye mizani, na mashaka yao yalikuwa na msingi, kwa maana udanganyifu wa mizani ulilalamikiwa katika kituo baada ya kituo.

Wangeweza kukataa kuuza, lakini kodi ilikuwa inasubiri. Wangeweza kuivunja mizani, ikaletwa nyingine na polisi juu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walifanya jambo tulivu zaidi. Walichagua watu wao wenyewe, vijana waliosoma kidogo na kuaminika, wakawalipa kutoka mifukoni mwao, wakawaweka vituoni wasimame kando ya mizani. Kazi ya kijana huyo ilikuwa moja: kuusoma uzito naye, na kuutamka kwa sauti mbele ya mwenye pamba. Hakuhitaji bunduki wala hati ya bwana shauri. Mnunuzi alijua tu kwamba kuna jicho la pili.

Kutoka kwa wapimaji hao vilikua vyama vya msingi, na kutoka kwa vyama vya msingi kikazaliwa mwaka 1955 chama kikuu cha ushirika cha kanda ya ziwa, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambacho hadi kufikia uhuru kilikuwa kimeishika biashara ya pamba ya kanda nzima. Kiongozi aliyejulikana kuliko wote katika kazi hiyo alikuwa Paul Bomani, aliyeanzia kwenye ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru. Mtu aliyesaidia wakulima kusimama kando ya mizani ya mnunuzi alikabidhiwa mizani ya nchi nzima. Nalitaja hili kwa fahari, na pia kwa sababu linaonyesha kwamba watu wa mwambao huu waliwahi kupata dawa ya kudanganywa na mwenye kipimo, na dawa yenyewe ilikuwa mtu wa pili kando ya mizani.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Mwaka 1969 serikali iliifuta kodi ya kichwa, na wazee wanaoikumbuka siku hiyo wanaizungumzia kama uhuru wa pili. Halmashauri zikavunjwa 1972, zikarudishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na zilihitaji fedha. Ndipo ikaja kodi ya maendeleo, ambayo kwa aliyeilipa ilikuwa ni kodi ya kichwa iliyorudi na jina jipya. Nakumbuka marehemu baba akitembea na risiti yake ndani ya mfuko wa shati, ameizungushia nailoni mara tatu ili isilowane anapovuka ziwa. Mgambo walifunga kamba barabarani siku za mnada. Mwenye risiti alipita; asiyekuwa nayo aliketishwa chini ya mti pamoja na wenzake, na mara nyingine aliondoka hapo baada ya kumpenyezea mtu kitu mkononi. Asubuhi za msako wanaume walilala porini. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, pamoja na ushuru mwingine mdogomdogo uliokuwa kero kwa watu.

Mambo mawili yalibaki baada ya kamba kuondolewa. La kwanza ni woga kwamba deni lipo hata kama umelipa, ikiwa karatasi haiko nawe hapo ulipo. La pili ni mazoea ya kumalizana: kwamba kodi si hesabu bali ni mazungumzo, na anayetoa kidogo kwa mtu anaepuka kikubwa kwa serikali. Tapeli wa simu anaishi kwenye mambo hayo mawili. Sikiliza tena alichomwambia shangazi. Hakumdai milioni nne. Alimtajia milioni nne, kisha akamwomba laki tatu za huruma. Alijua anayezungumza naye amelelewa katika nchi ambayo laki tatu za aina hiyo zimewahi kufanya kazi.

TRA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1995 na ikaanza kazi Julai 1, 1996. Kodi ya ongezeko la thamani ikaja 1998. Mwaka 2010 zikaingia mashine za risiti za kielektroniki, na mwaka 2014 wafanyabiashara wa miji kadhaa, Mwanza ikiwemo, walifunga maduka wakilalamikia gharama na utaratibu wake. Juni 2024 maduka yakafungwa tena, safari hii mgomo ukianzia Kariakoo na kufika hadi huku, na malalamiko makubwa yakiwa ni kamatakamata na usumbufu wa ukaguzi. Simwandikii mtu hukumu katika mvutano huo. Nasema tu kwamba mwenye duka anayesikia kwenye simu kwamba gari la ukaguzi liko njiani hasikii hadithi ya kubuni. Anasikia kitu ambacho jirani yake amekiona.

Katikati ya hayo kodi ikaingia ndani ya simu. Kabla ya 2008, fedha ya kutuma Geita au Bunda ilikwenda ndani ya bahasha kwa kondakta wa basi, na mtumaji alilala akiomba. Aprili 2008 M-Pesa ilianza Tanzania, kampuni nyingine zikafuata, na vibanda vya mawakala vikaota kila kona kuanzia Pasiansi hadi Igombe. Julai 15, 2021 serikali ikaanza kukata tozo kwenye miamala ya simu. Ikapunguzwa mara mbili, na ile ya kutumiana ikaondolewa kuanzia Julai 2023. Agosti 2021 kodi ya majengo nayo ikahamia kwenye umeme wa LUKU, wakati huo shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mambo haya yalifanyika kwa sheria na kutangazwa bungeni. Ila kwa mwenye meza sokoni yalikuwa na somo lingine: kodi haina tena mwanangwa, haina mgambo, haina hata mlango. Inatoka hewani na kuchukua. Baada ya somo hilo, sauti inayotoka hewani kudai kodi haikuwa kitu cha ajabu tena.

Sasa, yule mtu aliipata wapi namba ya shangazi? Swali hili lilimsumbua kuliko laki tatu. Alishuku wenzake, alishuku kijana aliyemjazia fomu, alishuku hata ofisi. Nilimwomba anipe risiti yoyote ya mashine iliyokuwa chini ya meza. Tuliisoma pamoja kuanzia juu: jina la biashara, namba ya simu, namba ya mlipakodi, na mstari mmoja zaidi unaotaja ofisi yake ya kodi. Vyote vilikuwa kwenye karatasi ambayo mteja huipokea, huitazama na kuiachia upepo wa ziwa. Ukitembea kutoka Mwaloni hadi barabara ya lami unazikanyaga kumi. Na majina yake matatu? Leseni imetundikwa ukutani, kama sheria inavyotaka, na anayeingia kuulizia bei ya dagaa anaweza kuipiga picha. Hata bila leseni, ukianza kumtumia mtu fedha kwa simu, jina lake linakuja kwenye kioo kabla hujaweka namba ya siri. Tapeli akilisoma, anaacha kutuma, na jina amelipata.

Shangazi alikaa kimya. Kisha akasema, “Kumbe mimi mwenyewe ndiye ninayemgawia.” Nilimwambia hapana, risiti ni haki ya mteja na lazima atoe. Kosa lake, kama ni kosa, ni kudhani kwamba anayeijua namba yako ametoka pale namba ilipotolewa.

Namba ya yule mtu nayo ina historia yake. Usajili wa laini ulianza 2009 na ukawekewa nguvu na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Kuanzia Mei 2019 laini zote zilitakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na mwisho ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Wengi tuliamini utapeli umekwisha, maana kila laini sasa ina kidole. Kidole kipo kweli, ila mara nyingine ni cha mtu mwingine kabisa. Msajili asiye mwaminifu anakwambia weka tena, haijasoma. Unaweka mara ya pili, na mara ya pili hiyo inasajili laini usiyoijua, itakayouzwa kwa usiyemjua. Ndiyo maana kuna huduma ya *106#, inayokuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Shangazi alipoijaribu alizikuta zake mbili tu. Rafiki yangu, mpwa wake, alikuta moja isiyo yake, akaenda kuifungisha siku hiyohiyo.

Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimeitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa namba zinazotumika katika majaribio ya utapeli, kwa hiyo sauti inayosema iko Ilemela inaweza kuwa siku nzima ya safari kutoka hapa. Ujumbe wa kitapeli unatumwa kwenda 15040, kisha ukijibiwa unatuma na namba iliyokuandikia. Ni kazi ya dakika moja, na namba zinazoripotiwa ndizo zinazofungiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Hayo yote yanafanyika baada ya simu, wakati shangazi alihitaji kitu cha kumshika mkono simu ikiwa bado sikioni.

Kitu hicho kipo, na kinafanana na kijana wa mizani. Kuanzia 2017 malipo ya serikali yalihamishiwa kwenye mfumo mmoja, na kila deni likapewa namba yake ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo sokoni tunaiita kontroli namba: tarakimu 12 zinazoanza na 99. Kodi inalipwa kwa namba hiyo, benki au kwa simu, na fedha inaingia serikalini bila kupita kwa mtu. Afisa wa kweli anaweza kukupigia. Wapo wanaopiga kukumbusha tarehe. Ila afisa hana ruhusa ya kukupa namba yake ya simu, ya mhasibu wala ya dereva ili utume fedha. Hata kontroli namba yenyewe usiipokee kwa sauti usiyoijua, kwa kuwa tapeli anaweza kukutajia iliyo halali kabisa lakini ya deni la mtu mwingine, ukamlipia. Ichukue mwenyewe, kwenye ofisi yako ya kodi au kwenye akaunti yako ya mlipakodi. Ukitaka kuuliza bila nauli, TRA ina namba za bure, 0800 750 075 na 0800 780 078. Wewe ndiye unayepiga, si unayepigiwa.

Na kuna muda. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inampa mlipakodi siku 30 za kupinga makadirio asiyokubaliana nayo, kwa maandishi. Nilipomwambia shangazi hili aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Siku 30! Yule wa kwenye simu hakumpa hata dakika kumi, na akamkataza kukata. Katika yote niliyowahi kuyasikia kwa watu waliotapeliwa kwa njia hii, sijakutana na mmoja aliyeruhusiwa kupumua. Wote waliambiwa usikate, usimwambie mtu, gari liko njiani. Anayekataza mtu wa pili asisimame kando ya mizani ana sababu yake.

Nisiwafiche kwamba kuna hasara nyingine inayonitia hofu zaidi ya laki tatu. Mwanzoni mwa Desemba 2024, Tegeta jijini Dar es Salaam, watumishi wa TRA waliokuwa kazini wakifuatilia gari lililohisiwa kutolipiwa kodi walizingirwa na watu waliowadhania watekaji. Walipigwa, na mmoja wao akafa. Alikuwa mtumishi wa kweli wa TRA, na kwa hofu waliyokuwa nayo wale watu hawakuwa na namna ya kumjua. Jamii ikishapoteza alama ya kumtambua mtu wa serikali, inamtii mwongo asubuhi na kumuua mkweli usiku. Woga uliomfanya shangazi atume na woga uliowashika watu wa Tegeta ni wa shina moja.

Mara ya mwisho nilipokwenda Mwaloni ilikuwa asubuhi, upepo wa ziwa ukiwa bado na baridi. Kopo la maziwa ya unga limehama Kitangiri. Sasa liko chini ya meza, limefungwa kwa mpira. Pembeni yake anakaa binti wa jirani, kidato cha tatu, ambaye siku za likizo shangazi humlipa kidogo kwa kazi ambayo wageni hawaielewi: simu ya namba ngeni ikija, inawekwa spika na binti anasikiliza naye.

Mteja wa Kongo alikuwa amesimama na magunia mawili ya kayabo, na shangazi alikuwa anapandisha la kwanza kwenye mizani. Simu ikaita mezani. Binti akaitazama, akasema, “Shangazi, hatuijui hii.”

“Ngoja nimalize kupima,” shangazi akasema, akainama kuusoma mshale.